Saa Iliyorudi Nyepesi

Alijua kabla ya kukata utepe.

Kifurushi kilikuwa juu ya meza ya mke wake, katikati ya sare za shule ambazo hazijatiwa mikono, na Fundi alikinyanyua kwa kiganja kimoja kama anavyonyanyua saa yoyote anayoletewa. Kisha akakirudisha mezani polepole, kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia. Ukishika saa za watu kwa miaka thelathini na moja, uzito wake unaujua hata ukiwa umefumba macho.

"Mbona hufungui?" mke wake aliuliza. Mguu wake ulikuwa bado unakanyaga cherehani.

"Nyepesi."

"Nini nyepesi?"

"Saa ya Mwalimu. Imerudi nyepesi."

Cherehani ikanyamaza.

Alikifungua hata hivyo. Kwa nje saa ilikuwa ile ile: saa ya mfukoni, ganda la fedha lililolika ukingoni kwa kushikwashikwa, mnyororo wenye pete moja iliyowahi kuungwa kwa waya. Alibana kioo cha kukuzia jichoni, akaingiza ncha ya kisu chini ya mfuniko wa nyuma, akaubandua. Upande wa ndani wa mfuniko alikuta alama yake mwenyewe, mistari mitatu midogo kama unyayo wa kuku. Lakini pale palipokuwa na mashine ya shaba, nzito, yenye vijiwe vyekundu, palikuwa na kimashine cha bati cha zile saa zinazouzwa kwa mafungu barabarani. Kilikuwa kimekazwa kwa vipande vya kadibodi ili kisicheze. Hakikuwa hata na adabu ya kutembea.

Fundi hakutukana. Baadaye mke wake alisema, laiti angetukana.

"Wameitoa utumbo," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini kiasi kwamba ilibidi mke wake amtazame midomo. Hakuwa akiifikiria saa. Alikuwa akimfikiria Mwalimu, bibi wa ghorofa ya tatu ng'ambo ya barabara, ambaye wakati huo huo pengine alikuwa amekaa dirishani akiamini kwamba saa ya marehemu mume wake iko salama kwa mtu mwema.

Kila kazi ina tuhuma yake. Fundi cherehani husemwa kwa vitambaa vinavyobaki, mwashi kwa saruji, mchinjaji kwa mizani. Fundi saa husemwa kwa mashine. Mwachie saa yako, watu husema, utarudishiwa uso wa baba yako na tumbo la mgeni. Ni utani, na watu huucheka, lakini hakuna fundi saa anayeucheka mpaka mwisho. Mzee aliyemfundisha kazi alimwonya siku ya kwanza kabisa: "Huku tumeshahukumiwa kabla ya kushtakiwa. Kwa hiyo saa ya mtu ifungue mbele yake. Mpe kioo, atazame mwenyewe, aone tumbo la saa yake lina nini. Kisha funga." Fundi alifanya hivyo kwa kila saa iliyopita mikononi mwake, hata za plastiki, hata kwa wateja waliokuwa na haraka wakamwona kichaa. Kwa miaka thelathini na moja hakuna aliyewahi kumwambia, umenibadilishia. Hakuwa na nyumba wala shamba. Hilo ndilo alilokuwa nalo.

Halafu simu zikaja, na kila mtu akawa anabeba saa bila kuvaa saa. Kibanda chake kikapoa. Mshona viatu, jirani yake wa kibanda, alikuwa akimchokoza kila asubuhi: "Fundi, saa ngapi?" Na yeye, akiwa amezungukwa na saa arobaini zenye nyakati arobaini, alikuwa akijibu: "Unataka ya saa ipi?" Wakacheka, kwa kuwa hakukuwa na kingine cha kufanya. Binti yake, aliyeolewa mji mwingine, ndiye aliyemfungulia duka kwenye soko la mtandaoni, akamwonyesha jinsi ya kupiga picha. Ikabainika kwamba huko duniani wapo watu wanaokusanya saa za kale kama wengine wanavyokusanya ng'ombe. Fundi aliwauzia kama daktari anayetoa cheti. Aliandika: kioo kina ufa mwembamba kama unywele. Aliandika: mshale wa dakika si wa asili. Na mwisho wa kila tangazo, kwa majivuno ambayo hakuyaona kuwa majivuno, aliandika: kila saa kutoka kwangu ina alama yangu ndani ya mfuniko, unyayo wa kuku, utaitambua.

Alama aliichora kwenye mfuniko tu. Kwenye mashine, kamwe. Kuchora mashine kwake kulikuwa sawa na kumwandika mtu jina kwenye ini. Picha ya mashine pia hakuwahi kuiweka, kwa sababu tumbo la saa ni la kuonyeshwa mwenye saa, si la kuanikwa sokoni. Alipiga picha uso, mgongo, mnyororo, na alama yake. Ndivyo alivyoona heshima.

Mwalimu alikuwa amemfundisha binti yao kusoma, na nusu ya mtaa. Alileta saa ikiwa imefungwa kwenye leso, akaketi kwenye kile kiti kimoja cha kibandani, magoti yamebana mkoba.

"Fundi, sina mtoto wa kumwachia. Wajukuu wa shemeji yangu wanaimezea mate hii saa tangu msibani. Mmoja aliniuliza ni fedha au ni bati nikiwa bado sijafuta machozi."

"Watu hawana haya, Mwalimu."

"Haya wanayo, ila wameiweka akiba. Nitafutie mtu anayependa saa. Mtu atakayeitia ufunguo kila asubuhi kama alivyofanya marehemu. Naiweka mikononi mwako. Ni amana."

Alipompa kioo cha kukuzia, Mwalimu alitazama ndani kwa muda mrefu. "Kumbe ndani kuna mji mzima," alisema. "Nimelala nayo karibu miaka arobaini, sikujua."

Mnunuzi alijiita Mpenda Vya Kale. Siku saa ilipomfikia aliandika kama mtoto aliyelelewa: "Shikamoo mzee wangu. Saa nzuri mno hii. Nitaitunza kama mboni ya jicho." Fundi alimsomea mke wake ujumbe ule mara mbili, kisha akavuka barabara akamsomea na Mwalimu. Siku ya tisa lugha ikageuka. "Saa haitembei. Umenidanganya. Nairudisha." Fundi akajibu, "Mwanangu, tulia kwanza, niambie unaitiaje ufunguo." Jibu lilikuwa: "Usiniite mwanao." Sheria ya soko ilikuwa wazi: mnunuzi akisema anarudisha, anarudisha. Fundi akakubali. Mwalimu hakuambiwa. Alidhani ataipokea, aitazame, aipulize vumbi, aipeleke kwa mtu mwingine.

Sasa ilikuwa mbele yake, na kadibodi tumboni.

Aliandika malalamiko kwa kidole kimoja, herufi moja moja, mke wake akimwambia nukta iko wapi. Mpenda Vya Kale hakuchelewa kujibu. "Nimerudisha nilichotumiwa. Mafundi saa mnajulikana. Ukiendelea kunisumbua nitaweka picha kila kona, watu wamwone fundi anayebadilisha mashine."

Alisoma maneno hayo kibandani, asubuhi ya jua kali, watu wakipita na mifuko yao ya sokoni. Mtu asiyemjua hata kwa sura alikuwa ameingiza mkono moja kwa moja mahali pale pale alipoogopa kuguswa, kana kwamba alikuwa akiishi humo.

"Fundi, saa ngapi?" mshona viatu alipaza sauti.

Fundi aliendelea kuitazama simu.

"Leo zimekufa zote?" Kisha, huku akitoa msumari mdomoni: "Haya bwana. Mwalimu alipita kukuulizia."

"Amesema nini?"

"Aseme nini? Kauliza kama upo." Mshona viatu alimtazama vizuri. "We, vipi? Umemkosea nini bibi wa watu?"

"Sijamkosea kitu," Fundi alisema, na akasikia mwenyewe jinsi lilivyotoka haraka.

Kuanzia siku hiyo akawa anapita njia ya nyuma, kule kwenye mapipa ya taka, ili asionekane kutoka dirisha la ghorofa ya tatu. Simu ikilia, alikuwa akiitazama kwanza kama mtu anayetazama nge ndani ya kiatu. Kitengo cha Usuluhishi cha soko kilijibu siku ya nne. Walisema wamepitia ushahidi wa pande zote mbili. Alama iliyomo ndani ya mfuniko wa bidhaa iliyorejeshwa, walisema, inalingana na alama ambayo muuzaji mwenyewe aliitaja katika tangazo lake. Kwa hiyo bidhaa ni ile ile. Malalamiko yamefungwa. Neno "yamefungwa" lilikuwa limeandikwa kwa rangi ya kijani, kama habari njema.

Alilisoma mpaka macho yakachoka. Unyayo wa kuku. Alama aliyoichora kwa mkono wake ili watu wamwamini ndiyo iliyotoa ushahidi dhidi yake.

"Nenda ukamwambie," mke wake alisema. Alikuwa akitia vifungo kwenye shati dogo, na uzi ulikuwa mdomoni. "Leo. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Nimwambie nini, mama? Nisimame mbele yake, mimi, fundi saa, niseme mashine imebadilishwa lakini si mimi niliyeibadilisha?"

"Ndiyo hivyo hivyo."

"Hata wewe ungecheka."

"Mimi nisingecheka."

"Wewe umenioa mimi," alisema. "Yeye hajanioa."

Mke wake hakuutania ulimi ulioteleza. Alikata uzi kwa meno, akachukua kifungo kingine.

Mzee aliyemfundisha kazi alikuwa amemwachia saa moja alipokufa. Ilikuwa ya kiwanda kile kile, saizi ile ile, na mashine yake ilikuwa pacha wa ile iliyoibwa. Fundi hakuwahi kuitangaza sokoni. Ilikaa kwenye kopo la chai, ndani ya pamba, na kila baada ya miezi michache aliitoa na kuisafisha kama watu wanavyosafisha kaburi. Jumamosi asubuhi, mke wake alipotoka kupeleka sare, Fundi aliiweka mezani kando ya saa ya Mwalimu.

Alijiambia kwamba huo si wizi, kwani anampa mtu kilicho bora alichonacho. Alijiambia kwamba bibi wa umri ule hataona tofauti, na kwamba hakuna atakayeumia isipokuwa yeye. Yote hayo yalikuwa kweli, na hata hivyo alifunga mlango kwa ndani kabla ya kuanza. Alitoa kimashine cha bati na kadibodi zake, akakifunga kwenye kitambaa na kukitia mfukoni. Akatoa mashine ya mzee wake wa kazi. Akaiweka ndani ya ganda la Mwalimu, akakaza skrubu mbili, akafunika.

Lilibaki jambo moja. Saa ya Mwalimu ilikuwa ikichechemea. Ilikwenda, lakini kila baada ya mapigo machache pigo moja lilichelewa, kama mtu mwenye goti bovu. Aliligundua siku aliyoletewa, akaliandika hata kwenye tangazo. Mashine hii ilikwenda safi. Kuichechemeza lilikuwa jambo la dakika tano: kukunja kidogo hapa, kulegeza pale. Alichukua koleo ndogo, akaisogeza, akaiweka chini. Akaichukua tena. Mdomo wake ulikuwa tayari kusema uongo, lakini vidole vilikataa kabisa kuumiza mashine iliyo nzima. Akaiacha kama ilivyo na kuvuka barabara, safari hii kwa mbele.

Ngazi za jengo lile zilikuwa na harufu ya sabuni ya unga. Alibisha hodi kwa sauti ya chini, na kwa sekunde moja alitumaini hayupo.

"Karibu, karibu! Nani? Fundi! Mtu adimu kama mvua ya kiangazi. Ingia."

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Nilidhani umehama dunia. Kaa basi."

Hakukaa. Alisema yote kwa pumzi moja: mnunuzi amebadili mawazo, vijana hawajui wanachotaka, saa imerudi, hii hapa. Alitegemea masikitiko. Badala yake uso wa Mwalimu ulifunguka wote.

"Imerudi?" Aliipokea kwa mikono miwili. "Usimwambie mtu, Fundi, mimi nilikuwa naomba irudi. Tangu itoke, nyumba hii imekuwa kama darasa wakati wa likizo."

Akaipeleka sikioni, akafumba macho. Fundi alisimama akitazama kitambaa cha plastiki cha mezani, maua ya bluu, sehemu moja imeungua alama ya pasi. Aliyahesabu maua. Alipofika la kumi na tatu, Mwalimu alifumbua macho. Tabasamu lilikuwa bado lipo, ila lilikuwa kama taa iliyosahauliwa inawaka.

"Umeitengeneza?"

Mwalimu mwenyewe alikuwa amemfungulia mlango wa kutokea. Neno moja tu, angepita.

"Kidogo," Fundi alisema.

Mwalimu aliiweka saa mezani. Alinyamaza kama walimu wanavyojua kunyamaza, bila hasira na bila haraka, mikono imepishana, huku saa ikienda safi kati yao, pigo kwa pigo, bila kukosea hata moja. Kisha mkono wake ukaingia mfukoni bila ruhusa yake, ukatoa kitambaa, ukakifungua juu ya maua ya bluu. Kimashine cha bati kikabingirika, na kadibodi zake.

Akaanza kueleza. Yalitoka kinyumenyume: kadibodi kwanza, halafu kitengo, halafu alama, halafu kijana wa shikamoo, halafu mzee wake wa kazi na kopo la chai. Kadiri alivyoongea ndivyo alivyosikia kwamba anaongea kama mwizi. Kila neno la kweli lilikuwa na sura ya uongo.

"Nyamaza," Mwalimu alisema. "Sielewi kitu. Kaa."

Alikwenda kabatini, akarudi na daftari la mistari na kalamu.

"Andika. Tangu mwanzo, kwa mpangilio. Sitaki insha, nataka yaliyotokea."

"Mwalimu, mimi kuandika..."

"Andika."

Mtu wa miaka hamsini na nane akainama juu ya daftari. Aliandika karibu saa nzima, akifuta, akilowanisha kidole, huku Mwalimu akiwa amesimama dirishani amempa mgongo. Alipofika asubuhi ya siku ile, kalamu ikasimama. Angeweza kusema aliiweka mashine ile kama zawadi. Angeweza kusema alikusudia kumweleza. Hofu ilimwambia aandike hivyo, na ilikuwa hofu ile ile iliyomvusha barabara. Akaandika: *Nilitaka usijue.*

Mwalimu alisoma akiwa amelisogeza daftari karibu na pua, na hakuruka mstari. Mahali fulani alisahihisha herufi kwa kalamu, bila kufikiri, mazoea tu.

"Nakuamini," alisema.

Fundi alishusha pumzi.

"Mwongo angeishia kabla ya hapa," aliendelea, akiweka kidole juu ya mstari ule wa mwisho. "Nakuamini kwamba umeibiwa. Nakuhurumia pia. Lakini hukuogopa kuniumiza, Fundi. Uliogopa kudhaniwa vibaya. Hayo ni mambo mawili tofauti, na wewe ni mtu mzima." Akaisukuma saa kuelekea kwake. "Toa kilicho chako."

Aliifungua hapo hapo mezani. Skrubu moja ikamponyoka ikaanguka chini, na wote wawili wakapiga magoti kuitafuta sakafuni, vichwa karibu kugongana, mpaka Mwalimu akaiona chini ya kiti. Alipomaliza kuitoa mashine ya mzee wake, akanyoosha mkono kuchukua ile ya bati.

"Acha. Hiyo siitaki nyumbani kwangu. Acha tupu." Mwalimu alifunika ganda, likalia kama kopo. "Wajukuu wa shemeji watagombania ganda la chaza lisilo na nyama." Akacheka mara moja, kicheko kikavu, halafu kikaisha, akaonekana mzee sana.

Fundi alikuwa tayari mlangoni alipoweza kuuliza. Ndilo swali alilokuwa amelibeba tangu siku kifurushi kilipofika, na lilitoka dogo kuliko alivyotegemea.

"Na watu, Mwalimu? Watu wakikuuliza?"

"Sitatangaza."

"Wakikuuliza."

Alifikiri. Hakufanya haraka kumfariji.

"Wakiniuliza nitasema kweli. Kwamba uliibiwa. Na kwamba uliniletea saa isiyo yangu ukaniambia ni yangu. Siwezi kusema nusu, Fundi. Nusu sijui kuifundisha."

"Sawa, Mwalimu."

"Msalimie mama."

Alishuka ngazi akishika ukuta. Kwenye ghorofa ya kwanza alikutana na mama mmoja anayepandisha ndoo ya maji, ambaye Fundi aliwahi kumtengenezea saa ya ukutani.

"Za leo, Fundi?"

"Nzuri," alijibu, akasimama kando kumpisha. Akasubiri kusikia kama kuna neno jingine nyuma ya salamu ile, katika sauti, katika jicho, katika namna ndoo ilivyobadilishwa mkono. Mama akapita zake. Hakukuwa na kitu. Leo hakukuwa na kitu, na Fundi akatoka nje juani, kwenye barabara yenye watu wengi wanaomjua.